Chupa Iliyolala Chini ya Mtungi

Baba, mwaka umetimia tangu ulipotuaga, nasi tuna habari ya kukupa hata hatujui tuanzie wapi. Chupa tumeifungua!

Wasiokujua na wajue kwanza ulikuwa nani: Mzee Ponsiano wa Kilole, Korogwe, fundi wa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Hukumnyima jirani msaada, iwe pampu au baiskeli. Uliamka na redio, ukalala na redio. Na kicheko chako kiliwatawanya kuku uani. Asnath, kitindamimba wako, ndiye aliyekirithi.

Tena ulikuwa mbishi. Yule mhandisi Mhispania mliyefunga naye mashine mpya, alipoaga kurudi kwao, alikupa chupa ya mvinyo mwekundu akasema ilazwe penye baridi, isiharakishwe. Wewe na swahiba wako Mzee Athuman mkachimba shimo stoo, mkailaza kwenye mchanga chini ya mtungi wa maji. Yeye hajaonja pombe maishani mwake, ila shimo alichimba. Ikalala pale zaidi ya miaka ishirini. Kila alipochota maji, Mama alikwambia unafuga siki. Nawe ukamjibu kwamba siku ikifunguliwa, mmoja wenu atasimama mbele za watu akiri kushindwa.

Ulitaka ifunguliwe siku wanao wote tutakapokutana. Tulikutana kwenye mazishi yako, lakini nani angekuwa na moyo wa kuigusa? Tukangoja misa ya mwaka.

Wiki ile Mama hakuwa na raha. Alituita jikoni akatuambia kwamba kama mvinyo umechacha tuumwage kimyakimya, maana hataki watu wakucheke katika siku yako. Hapo ndipo tulipojua kwamba yule aliyekutania miaka yote alikuwa anaomba ashindwe.

Tuliporudi kutoka kanisani, Deogratius aliikamata chupa akaitikisa kama chupa ya togwa. Mzee Athuman akamshika mkono.

"Iache itulie, mwanangu. Baba yako alisema ina mashapo."

Tukaisimamisha mezani, tukala pilau macho yote kwenye chupa. Mwanao Shukuru alikuwa ameshapanga soda za kuchanganyia, akaambiwa azirudishe.

Kizibo kilikatika katikati, kikatolewa kwa taabu. Mwenye pombe huionja kwanza mbele ya wageni wake, ndivyo ulivyotulea, na mwenyewe hupo. Glasi akapewa Mama. Rangi haikuwa nyekundu tena, ilikuwa ya tofali la kuchoma. Akanusa. Akaonja. Akafumba macho. Kisha akamnyooshea Deogratius glasi amwongeze.

Baba, mvinyo ule! Una zambarau zilizoiva mpaka zikakunjamana, una tumbaku, una harufu ya kabati la zamani la mbao. Ulishuka kooni taratibu, na ladha ikabaki mdomoni tukiwa tumeshameza. Tuligombea matone ya mwisho bila haya. Mzee Athuman aliomba anuse tu, akarudi kwenye chai yake ya tangawizi akitabasamu kana kwamba naye ameunywa.

Ndipo Mama akasimama, akashika meza.

"Ponsiano, umenishinda," alisema. "Haya, cheka basi."

Ilituuma, Baba, ushindi wako kukosa mwenyewe. Kisha Asnath akacheka, kicheko chako kile kile, na huko uani kuku wakatimka. Mama akalia na kucheka kwa pamoja, nasi wote tukafuata.

Chupa tupu Mama amekataa itupwe. Ameirudisha mchangani kwa mkono wake, na kila akichota maji bado anakusema.

Unakumbukwa na mkeo Grasiana; wanao Deogratius, Shukuru na Asnath; wakwe na wajukuu; na swahiba wako Athuman. Hatutakusahau kamwe, Baba. Umeshinda.