Wallahi, Sichezi Tena Ngome Tano

Jumatatu, 1 Julai

Basi, nimeacha Ngome Tano, ule mchezo wa kompyuta. Kampuni yake imemfungia mchezaji mmoja maisha, na zawadi ikamnyang'anya. Kosa? Amesema mbele ya kamera kwamba waandishi wa habari waliofungwa nchini kwao waachiwe. Sentensi moja! Nimelalamika kwenye ukurasa wa kampuni – wamefuta. Nimeandika tena – wamefuta. Hasira ikanipanda, nikasimama uani mbele ya timu nzima: Wallahi, sigusi tena mchezo wa hawa watu! Wamepiga makofi. Nahodha wetu, Kashindye, hakupiga.

Jumanne, 2 Julai

Fainali ya kanda ni Jumapili, Saba Saba. Nilijua! Nilisahau tu wakati naapa. Na bila mimi timu haitimii watu watano. Kashindye anasema haki za binadamu naye anazipenda, ila zingengoja hadi Jumatatu.

Alhamisi, 4 Julai

Mikono inawasha. Nimecheza ule mchezo wa kupanga matunda kwenye simu ya bibi, saa mbili nzima, nikijiona mgomaji hodari. Mdogo wangu Hamoudi akanionyesha nembo – kampuni ileile! Aibu. Bibi Salme yuko hatua ya 340. Nimemweleza habari za wale waandishi. Amesikitika sana, akawaombea dua, akaendelea kupanga matunda.

Ijumaa, 5 Julai

Hamoudi hana siri. Kashindye kaja mbio: yamini si imeshavunjika? Nilipe kafara, nilishe maskini kumi, Jumapili nicheze! Msabato wa Nzega kageuka shehe. Bibi kasema aliyekosea bila kujua hajavunja kitu. Nikitaka kuvunja kweli, hapo ndipo kafara, na maskini wawe maskini.

Jumamosi, 6 Julai

Maskini wamefika. Kumi kamili! Wanne ni timu yetu, sita ni ndugu zao. Shikamoo bibi, hali zetu mbaya, anasema Kashindye – na viatu vipya. Elieth wa timu yetu kavua hereni getini. Mmoja kauliza kama kuna kachumbari. Bibi kacheka mpaka kakaa chini. Hawa hawafai, kasema, ila wageni hawafukuzwi. Maskini wa kweli anawajua yeye, atawaita. Kilichobaki ni neno langu.

Mimi sicheki. Yule mchezaji aliyefungiwa namwonea uchungu, kwa kweli. Na fainali naitaka. Naitaka mno! Bibi ananiita mara ya tatu: mchele wa kafara aoshe au asioshe? Nimejibu naandika. Naogopa nikiweka kalamu chini tu nitamwambia aoshe