Truphosa, Wametuwekea Mnara

Truphosa, rafiki yangu,

Nilitaka nikuache upumzike, mambo ya huku nisikuletee. Nimeshindwa. Nina hasira, na hasira zangu zote nilizoea kukuletea wewe.

Tangu tukuzike, meneja amesimamisha mnara wa mbao pale juu ya bomba la maji. Huko juu anakaa askari mwenye darubini, kutoka asubuhi mpaka giza. Wanasema ni kwa sababu ya wezi wa kuni na majani chai. Mwizi hajashikwa hata mmoja. Walioshikwa ni sisi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikalia madebe yetu bombani, wewe ukimwigiza karani anavyokunja mdomo akipima majani? Siku hizi hakuna anayekaa. Mtu anateka maji, anajitwika, anaondoka kama ameiba. Mama Atieno ametundika turubai mlangoni, anapikia gizani mchana. Wanaume waliozoea kunyolea ndevu nje wamehamia nyuma ya nyumba. Watoto ndio wanaupungia mnara mkono, na mimi nawakemea, halafu sijui nawakemea kwa nini. Hata ndani kwangu, Truphosa, nikiinama kupuliza moto, nashika rinda langu kwa nyuma.

Hayo ningeyameza. Kilichonishinda ni cha Yohana.

Mume wako alikuwa akishuka kwako kila jioni akitoka kiwandani. Unajua tulikuzika huku, chini ya mikaratusi, kwa sababu mvua ilikata barabara tukashindwa kukufikisha kwenu. Hilo lilimuuma sana. Basi alikuwa akikaa hapo, anakuambia habari za watoto. Laini yetu nzima ya nyumba za wafanyakazi ilijua, na hakuna aliyemsumbua.

Siku moja akaitwa ofisini. Karani mmoja ndiye aliyenisimulia. Nyapara mkuu alimuuliza mbele ya watu, "Unaficha nini kule chini kila jioni?" Mwanaume mzima, kofia mkononi, akashindwa kusema kwamba huwa analia. Akajibu, "Hakuna kitu, bwana." Akaambiwa akionekana huko tena, kazi imeisha. Hakurudi kwako. Jioni alikuwa anakaa tu mlangoni, chai inapoa mkononi.

Nikaenda mpaka chini ya mnara. Askari mwenyewe ni Simeoni, yule kijana anayeimba besi kanisani kwetu, aliyebeba jeneza lako! Nikamuuliza kama hakujua lile ni kaburi. Akashuka ngazi, hakuniangalia usoni. "Nilijua, mama. Lakini kila jioni wananiuliza nimeona nini. Nikisema sijaona kitu, wanasema nililala." Nilikuwa nimekuja na matusi. Nikarudi nayo nyumbani.

Kesho yake nikawaita akina mama wa laini yetu. Tukashuka na majembe, Yohana katikati. Tukapalilia kaburi lako na yale ya jirani, bila haraka. Haikuchukua muda nyapara mkuu akafika anahema, anataka kujua nani ameitisha mkutano. Nikamwambia, "Hapa amelala Truphosa. Huyu ni mume wake. Anakuja kumlilia. Peleka hiyo ofisini."

Yohana akalia hapo hapo, kwa sauti, mbele yetu sote. Nyapara akaangalia viatu vyake, akapanda zake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeitwa ofisini kwa sababu ya kaburi.

Lakini usifikiri tumeshinda. Mnara bado upo. Juzi wameuwekea paa la mabati, maana yake hauondoki leo wala kesho. Na linalonikera zaidi ni hili: ilibidi Yohana aanike kilio chake ndipo aachwe. Kwa nini mtu atoe maelezo ya machozi yake? Wewe ungejibu nini? Ungejibu kitu cha kutuchekesha, najua.

Lala salama, dada yangu. Watoto wako wanakula kwangu baba yao akiwa zamu ya usiku, na mdogo ameanza kutembea. Nakuahidi hivi: jioni ambazo Yohana anakuja kwako, nitashuka naye. Nitakaa upande ule wa mnara, niupe mgongo, shuka langu nimelitandaza mabegani, ili aongee na wewe bila mtu kumwona.

Ni mimi,
Dina