Nyasi Zangu Juu ya Vigae vya Damian

Ephrasia mkwe wangu,

Jana uliniambia kwamba Damian hataki nyasi zangu juu ya vigae vyake vyekundu vya sakafuni, eti tunaonekana washamba. Basi asubuhi nimevifuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, doa la mafuta nikalitoa kwa majivu, na vilipokauka nikatandika nyasi mpya. Nyumba isiyo na nyasi inakaribisha nani?

Usimwage maji, vigae huyanywa. ~~Ukitaka, zitoe nyasi.~~ Usiguse nyasi.

Damian aliporudi alifoka, “Mama, hii si nyumba ya msonge.” Nikamwambia akae kwanza, ndipo anifokee.

Nakwenda Ijumbi kukata nyingine. Sebuleni usifagie sasa. Alikaa, akajinyoosha, na amelala fofofo juu yazo.

Mama mkwe wako