Pombe ya Kurudisha

Nengo, Gisenyi
4 Februari 2025

Valentin wangu mpenzi,

Habari za Huye, na za kifua chako? Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu urudi chuoni. Tumeoana wiki tisa, na bado nikiandika "mume wangu" nacheka peke yangu. Simu tunapigiana, najua, lakini barua naweza kuilalia.

Jana nilipanda Mudende kwa mama. Nilipita pale kwenye nyasi ulipokaa siku ya kwanza na daftari lako, ukiwauliza watu wanawaonaje abunzi, wale wapatanishi wa kijiji wanaoamua mashauri. Suruali yako ilikuwa na tope mpaka magotini. Mama alikuletea kikapu cha viazi ukala saba, mimi nikihesabu nyuma ya mlango. Natamani siku ile irudi nzima, na tope lake.

Sasa habari mbaya. Jana abunzi walikata shauri la shamba la chini, na wamempa baba mdogo Johnson. Ndilo linalompa mama viazi vya mbegu. Bila hilo atakuwa wa kuomba kwa watu. Ana mwezi mmoja wa kwenda mahakamani. Lakini walipomaliza, Johnson alileta urwagwa, pombe yetu ya ndizi, na mama akanywa. Kwa adabu tu, mbele ya watu. Sasa anasema aliyekunywa amekubali, hawezi kushtaki tena. Tufanye nini, mwanasheria wangu?

Mkeo akupendaye,
Umuhire

Huye
9 Februari

Mke wangu Umuhire,

Kifua kimepona, asante kwa asali. Nawe unakula vizuri? Viazi vya mama vilikuwa vitano. Cha sita na cha saba uliniletea mwenyewe, ningekataaje?

Bon, tuje kwenye shamba. Hakuna sheria inayosema kunywa pombe ni kutia sahihi. Mwezi ujao sisi wanafunzi kumi wa sheria tutasoma maandiko yetu juu ya mashauri ya madai. Langu linasema mlango wa mahakama uko wazi, ila watu wetu hawaingii kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Mama ni mfano wenyewe. Nimeshamwandikia malalamiko yote, yamo humu bahashani. Atie sahihi tu, halafu wakala wa kile kibanda cha mtandao sokoni ayatume. Dakika kumi. Mwisho ni tarehe 3 Machi.

Mumeo,
Valentin

Nengo
21 Februari

Kipenzi changu,

Hujambo? Sisi wazima, na baridi ya Mudende ni ile ile uliyoikimbia. Nilimsomea mama barua yako mara mbili.

"Mkwe wangu amesoma sana," alisema. "Muulize, mtu akishakunywa cha mwenzake, huko Huye anatoka vipi?"

"Mama, sheria haijui pombe."

"Basi sheria haijakaa Mudende. Mimi nimekaa."

Siku nane zikapita. Juzi akaniita: atashtaki, lakini kwanza arudishe. Atapika urwagwa wake, ampelekee Johnson, na Johnson akinywa kila mmoja yuko huru kama zamani. Ndizi hazikubali kule juu, kwa hiyo nilizipandisha kutoka huku ziwani. Zimefunikwa shimoni, lakini kwa baridi ile haziivi upesi. Pombe itakuwa tayari tarehe 3, si kabla. Usinikasirikie, mpenzi.

Mkeo,
Umuhire

Huye
25 Februari

Umuhire wangu,

Natumaini mama hajambo, maana mimi sina raha. Tarehe 3 ni ya kumaliza, si ya kuanza. Nunueni pombe dukani mpeleke siku hiyo hiyo barua ikifika. Tukichelewa, jaji hatasikiliza lolote, na shamba limekwenda.

Nimemkumbuka baba, tukiwa bado Goma. Aligombana na jirani kwa ajili ya mfereji, mwishoni wakanywa pamoja, na mfereji haujatajwa tena mpaka leo. Nilikuwa nimesahau kabisa. Andiko langu halina hata mstari wa mambo hayo. Lakini tafadhali, msingoje.

Mumeo,
Valentin

Nengo
4 Machi

Valentin, roho yangu,

Upo mzima? Mimi miguu inauma, lakini moyo unacheza.

Ya dukani mama aliikataa, kwa kuwa hakuipika yeye. Jana asubuhi tukachuja, tukabeba kibuyu mpaka kwa Johnson. Mkewe Nyirarukundo akatuambia mumewe ametoka tangu alfajiri, amekwenda Busasamana.

"Amekimbia kibuyu," jirani mmoja akacheka.

Tukakaa kwenye mkeka. Mimi naangalia simu, mama anaangalia njia. Saa nane nikamsihi atie sahihi. "Sijatoka bado kwenye pombe ya Johnson," akasema. Nikalia, nakwambia ukweli.

Saa tisa na nusu Nyirarukundo akatoka jikoni akifuta mikono. "Mama Umuhire, nipe hiyo." Akanywa mpaka akapumzika katikati. "Nyumba hii imekunywa. Nenda."

"Na mume wako?"

"Huyo niachie mimi."

Mama alitia sahihi karatasi ikiwa juu ya mgongo wangu, tukakimbia sokoni. Saa kumi na dakika ishirini ujumbe ukaingia kwenye simu ya mama: malalamiko yamepokelewa. Jaji atasema nini, hatujui. Lakini mama ameingia mlangoni kwa miguu yake.

Jioni Johnson alirudi. Akaambiwa yote, wanasema, kisha akauliza kama kibuyu kimebaki na kitu.

Mama anakusalimu na anauliza: katika andiko lako, Nyirarukundo utamweka wapi? Nimemjibu kwamba hujui bado, lakini utakuja kumuuliza mwenyewe.

Mkeo,
Umuhire