Mwiba Usiotoka

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshiba na mguu umepoa. Dada Agnes akusomee polepole, asiruke kitu. Mimi napumua, nakula, na baridi ya huku Ulaya nimeizoea kwa shingo upande.

Umeniuliza nitarudi lini Mbuji. Kile kidude walichonipandikizia kifuani, kinachoushtua moyo wangu ukizembea, mimi nilikichukulia kama mwiba. Si ulitufundisha mwenyewe? Mwiba uliozama usiuchokonoe. Ukande kwa maji ya moto hadi uive, mwili utautema. Basi nikawa nakikanda kila asubuhi kwa taulo, kwa siri, ili kitoke nije zangu nyumbani. Pakavimba, pakawa pa moto. Nikafurahi kama mjinga.

Daktari alipopaona alishika kichwa. "Nani kakufundisha haya?"

"Mama yangu," nikamjibu.

Hakucheka. Alinieleza kwamba mwili umekwisha kukifungia kidude hicho ndani ya mfuko wa nyama, na ncha ya waya wake, iliyo ndani ya moyo, imefunikwa na kovu, kama sisi tunavyolaza majani kwenye matuta ya ngolo shambani na kuyafukia kwa udongo. Ukiuvuta, moyo unachanika. Na betri yake ikichoka nipasuliwe hapa hapa, maana kwetu hakuna wa kuibadilisha.

Nimenaswa, Mama. Nimelia, sikufichi. Nilidhani mwili wangu uko upande wangu, kumbe ndio ulioshika mlango. Uvimbe umepungua kwa dawa, nami sikandi tena.

Sasa lile shamba nililogawiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Umesema mwenyekiti anataka jibu kabla ya kupanda maharage, kama ninakuja kulilima au apewe mwingine. Mwambie siji. Aandikwe Agnes. Asione haya, halinyang'anyi; mimi ndiye ninayempa.

Nisalimie baba mdogo Kanisius aliyenifyekea majani ya ngolo akijua nitakuja. Mwambie hakupoteza jasho. Shangazi anayeniombea kanisani aendelee, ila asiombe tena kitoke. Aombe kikae.

Na wewe, Mama, usijilaumu kwa habari ya mwiba. Ulinifundisha vizuri. Huu tu ndio hukuwahi kuuona.

Mwanao, anayekukumbuka kila moyo unapopiga,

Kosmas