Mgeni wa Mama kutoka Kampala

Jumapili, 1 Juni 2025

Baada ya misa padri alitangaza: kwaya ya Kampala inakuja kuimba nasi kwenye ukumbusho wa Vita vya Siku Sita. Ishara ya urafiki. Watalala kwa waumini. Nani ana kitanda?

Watu wanatazama viatu vyao. Kisha Mama akainua mkono. Nilidhani hakusikia vizuri. Waganda na Wanyarwanda walipigana humu mjini kwetu Kisangani, mwaka 2000, na bombu la mzinga wa Waganda likamuua Papa, baba yangu, mbele ya mlango wetu, hapa mtaa wa Mangobo. Nilikuwa mdogo. Simkumbuki sana.

Mama anasikia vizuri kabisa.

Jumanne, 3 Juni

Mtaa unaongea. Jirani yetu Claudine anauliza kama wataleta nguo za kuuza. Wengine wanasema vita imekwisha, waimbaji hawakumpiga mtu. Tonton Sylvain, mdogo wa Papa, anasema walileta mabombu, sasa wanaleta nyimbo. Hatakanyaga kwetu mpaka waondoke.

Mama alikuwa anafua mashuka. Nilimuuliza kwa nini alikubali.

"Nataka nione kama wanalalaka usiku," akasema.

Jumatano, 4 Juni

Mgeni amefika. Prudence, mwalimu, umri wake karibu sawa na wa Mama. Mpole. Bon, pondu, majani yetu ya muhogo, anakula.

Anajua Kiswahili — lakini kikavu, kama cha kutoa amri. Mama akauliza alikisoma wapi. Kwa marehemu mume wake, akajibu. Kwao Kiswahili ni lugha ya jeshi. Mama akamuongezea pondu.

Alhamisi, 5 Juni

Ukumbusho. Hotuba nyingi. Bwana mmoja wa ubalozi alisema dunia haijaisahau Kisangani. Makofi ya adabu.

Kwaya iliimba kwa Lingala, wamekariri yote. Waliimba vizuri, sitadanganya. Claudine alilia. Safu nzima nyuma yetu ilisimama ikatoka nje. Mimi nilitazama feni.

Ijumaa, 6 Juni

"Hakulala," Mama aliniambia asubuhi. Basi. Sauti yake haikuwa na furaha wala huruma.

Kwenye chai Prudence akasema mwenyewe. Mume wake aliletwa Kisangani na jeshi lao, akafia hapa, kwenye daraja la mto Tshopo. Kaburi hajaliona. Ndiyo maana alijiunga na safari ya kwaya. Akaomba tumwonyeshe hilo daraja. Nilitaka kusema padri atampeleka. Mama alikuwa ameshajifunga kitenge.

Tulienda kwa pikipiki mbili. Darajani malori, wanawake na mihogo yao, kelele ya maji. Prudence alishika chuma cha daraja, akauliza askari wao walikuwa upande gani. Mama akamwonyesha ng'ambo. Akangoja lori lipite.

"Bwana yako alikuwa mutu wa mizinga?"

Prudence alitazama maji tu. Donc tukarudi.

Sasa wako jikoni. Prudence anamenya ndizi za makemba, Mama amesimama kwenye mbabula anachochea makaa. Mimi niko chumbani, mlango wazi, ninaandika.

Mama ameuliza tena kuhusu mizinga. Taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

Kisu cha Prudence kimetulia.

"Mama," anasema, "kaa kwanza."

Mama bado amesimama.