Chuma ya Saa Kumi na Mbili

Alhamisi, mwezi wa tano, 1975

Leo chuma sikupiga, na makosa si yangu.

Wakati kiwanda ya pamba ilikuwa inafanya kazi, mimi ndiye nilikuwa nawasha boila na kupiga king'ora saa kumi na mbili. Mtaa yote iliamka kwa mkono yangu. Nani mwingine aliweza?

Sasa mashine imenyamaza. Watu wamegawanya stoo na magunia, wanapika mahali pamba ilikuwa inalala. Mimi nakaa chumba ya boila, peke yangu. Mvuke hakuna, basi kila asubuhi napiga kipande ya reli na nyundo.

Jana jirani yangu, Mama Zaituna, akasema, "Mzee, hapa si kiwanda tena. Wacha watu walale."

Basi nikawaacha walale. Jua ikapanda. Mara mlango ikagongwa kwa nguvu. Ni yeye, hata kitambaa ya kichwa amesahau.

"Mzee, uko mzima? Watoto wamechelewa shule, na mimi nilifikiri umekufa."

Nikamwambia mimi sifi ovyo.

Tangu tuzike mke wangu, hakuna mtu aligonga hii mlango.

Kesho nitapiga. Lakini nitachelewa kidogo, nione kama atakuja.